Kabla ya Kuiita Takataka

Vijana wa ghalani mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, mkasema sasa nina nafasi. Ninayo kweli. Tangu nikabidhi funguo nimekuwa mtu wa kukaa barazani na kufukuza kuku, na mke wangu ameshaniuliza zaidi ya mara moja kama chama chetu cha ushirika hakiwezi kunirudisha hata kwa kulinda lango. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara naziacha, hizo mtazijua wenyewe na kuzinung'unikia wenyewe. Nitawaeleza kazi ya kupima kahawa pale Maji ya Chai, tangu enzi Mwingereza alipokuwa amejikita hadi leo anapoanza kufungasha mizigo yake. Na nitasema zaidi juu ya mdomo kuliko juu ya pua, ingawa kila mtu anadhani mpimaji anaishi kwa pua yake.

Mimi ni mtu wa Kikwe, huku chini kwenye mahindi na maharage. Wakati ule kahawa kwetu ilikuwa habari ya watu wa juu, wenye migomba na ukungu, nao walituona sisi wa tambarare kuwa watu wa vumbi. Siku niliyoitwa kazini nilijitengeneza kama bwana harusi. Nilivaa shati jeupe la kaka yangu, nikajipaka nywele mafuta ya manukato niliyonunua kwenye duka la Mhindi pale Usa River, nikafika ghalani nanukia mpaka nzi wakanisindikiza. Mpimaji mkuu alikuwa Mzee Ndelilio, mtu mfupi mwenye mvi, asiye na haraka na jambo lolote. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanishika mkono, akauvuta karibu na pua yake, kisha akanitazama kichwani. Mlangoni palikuwa pamejaa watu na magunia yao, nami nikajua leo nitachekwa. Mzee akaniinamia sikioni.

"Umependeza, Sefania," alisema taratibu. "Lakini kahawa ina wivu, haitaki kunukia pamoja na mtu mwingine. Shuka mtoni ukaoshe kichwa, halafu urudi tuanze."

Nikashuka mtoni. Maji yale yana rangi ya chai, kama jina la mahali linavyosema, na wageni hadi leo huuliza sukari iko wapi. Nikasugua kichwa kwa mchanga mpaka harufu ikaisha. Niliporudi hakuna aliyenicheka, kwa sababu hakuna aliyejua nilitumwa nini. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, ingawa siku ile nilidhani nimetumwa kuoga tu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na mizani ya kuning'iniza iliyopenda kugoma siku za baridi, meza ya mbao karibu na dirisha mahali jua lisipopiga moja kwa moja, na bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji mnachokijua, cha kuchoma gunia na kuvuta punje za katikati. Mtu anaweza kupanga kahawa nzuri juu ya gunia na nzuri chini yake. Katikati ndipo penye ukweli. Ndelilio alinifundisha kuchoma bila kukata nyuzi, kubana ganda kwa ukucha, kutazama rangi ya punje, kusikiliza zinavyolia zikitikiswa kiganjani, na mwisho kunusa. Kahawa iliyovundikwa kupita kiasi inanuka siki. Iliyofungwa kabla haijakauka inanuka kikapu kilichosahauliwa. Alinipiga marufuku ugoro, vitunguu vibichi, na kupitia jikoni kwa watu asubuhi. Ugoro nilikuwa situmii. Vitunguu viliniuma.

Lakini jambo lililomfanya Ndelilio awe Ndelilio halikuwa pua yake. Alikuwa hatoi hukumu kwa mdomo wake. Akishavuta punje alizimimina kwenye kiganja cha mwenye gunia, akamwambia, "Nusa wewe kwanza, kisha uniambie." Basi. Mkulima ananusa. Kama kahawa ni nzuri anasema ni nzuri, na uso unamng'aa. Kama ni mbaya ananusa tena, mwisho anasema mwenyewe kwa sauti ya chini kwamba mzee, hii naona ilichelewa kuoshwa. Hapo Ndelilio anaitikia kwa kichwa na kumweleza la kufanya. Walio nyuma kwenye mstari hawasikii kitu. Na gunia, liwe limepokelewa au limekataliwa, mwenyewe alitokea mlango uleule wa nyuma, hivyo waliosimama mbele hawakuweza kujua nani kafaulu na nani anarudi na mzigo wake nyumbani.

Nilimwuliza kwa nini tunajichelewesha hivyo wakati mstari umefika barabarani. Alisema mtu ukimwambia kahawa yake ni mbaya, atakwenda nyumbani akikufikiria wewe. Akisema mwenyewe kwamba ni mbaya, atakwenda nyumbani akiifikiria kahawa. Nimetafuta maneno ya kuongeza hapo kwa miaka yote hii na sijayapata.

Palikuwa na mzee mmoja wa juu, Lotisia, muumini mkubwa, mtu wa kukaa kiti cha mbele kanisani. Siku moja alileta gunia lililokuwa zito kuliko umbo lake. Nikachoma bambo, likagonga kitu, likalia. Nikafungua mdomo kutaka kusema. Ndelilio akanikanyaga mguu. Akaingiza mkono mwenyewe, akatoa jiwe la mtoni, laini kabisa, akaliweka kwenye kiganja cha mzee yule na kukifunga kwa mikono yake miwili kana kwamba anampa sadaka. Akamwambia, kama kawaida, anuse yeye kwanza. Lotisia akanusa jiwe. Naapa alilinusa. Kisha akasema anaona halinuki vizuri, akalitia mfukoni, na tangu siku hiyo magunia yake yalikuwa masafi kuliko ya mchungaji.

Kahawa yenyewe Ndelilio alijifunzia kwenye shamba la mlowezi mmoja upande wa Usa River. Habari hiyo alinisimulia mara moja tu, tena kwa sababu mvua ilitufungia ndani. Aliingia pale kijana, akatoka ana wajukuu, na miaka hiyo yote alikuwa akiitwa boi. Msimamizi wa pale alikuwa na desturi ya kupiga teke kikapu cha mchumaji akiona tunda la kijani, kisha humtaka mchumaji apige magoti na kuokota mbele ya wenzake. Siku moja teke lile lilikipata kikapu cha Ndelilio mama mkwe wake akiwa palepale, amekuja kutafuta kibarua. Kwetu mnajua mkwe ni nani. Akaokota, akamaliza siku, hakurudi tena.

Aliniambia kwamba kahawa ya pale aliipenda, lakini kwa muda mrefu alikuwa akifika nyumbani anashindwa kumtazama mke wake usoni, na hajamkosea lolote. Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa. Nadhani wahenga hao hawakuwahi kuitwa boi wakiwa na wajukuu.

Magoti yalipomshinda Ndelilio, akarudi kwake kutunza migomba, makao makuu yakatuletea mkaguzi mpya. Aliitwa Bwana Gidioni, kijana wa hukuhuku mlimani, aliyekuwa amesomea kahawa. Nimpe haki yake: pua ile ilikuwa pua. Alijua kahawa kuliko mimi, na bidii alikuwa nayo. Mimi nilibaki msaidizi wa kushika bambo. Ila yeye aliamini kwamba watu wetu hawajifunzi mpaka waone haya. Akaufuta mtindo wa kiganja, akaufunga mlango wa nyuma. Akawa anapima nje, kwenye ngazi, watu wote wakitazama, na kahawa mbaya aliimwaga chini kwenye vumbi. Mwenye nayo ilimpasa aiokote kabla hajaondoka, huku Bwana Gidioni akiita, "Takataka, anayefuata." Wengine aliwaongezea maneno: akili za mgomba, mikono ya kulimia viazi. Watu walicheka, maana mtu akicheka huona kama zamu yake haitafika.

Tabia hiyo aliitoa wapi nilielewa siku Bwana Shamba, yule Mzungu wa kilimo, alipofika na gari lake. Gidioni alikuwa amevaa tai. Mzungu hakumpa mkono. Alimwita boi mbele ya mstari mzima, akamshikisha kofia yake ili apanguse jasho, akachokonoa gunia kwa fimbo na kumwuliza kwa kile Kiswahili chao cha amri, "Wewe hapana jua kahawa?" Gidioni alijibu ndiyo bwana, hapana bwana. Gari lilipoondoka, mtu wa kwanza kumwagiwa kahawa alikuwa bibi kizee mwenye kikapu kidogo. Alichopewa Gidioni asubuhi alikigawa mchana, na waliogawiwa wakaenda kukigawa nyumbani kwao jioni. Nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Sasa nifike kwa Mama Elisante. Alikuwa mjane, nyumba yake iko juu kidogo ya barabara. Mumewe alifariki kwa kichomi, akamwachia kihamba, ile bustani ya migomba na kahawa ambayo kwetu mtu asipokuwa nayo ni kama hana kwao, na mtoto wa kiume aliyekuwa bado anasoma shule ya misheni. Shemeji yake, Zakayo, alikitaka kihamba kile. Hakusema anakitaka. Alisema anataka kumtunzia mtoto, kwa sababu mwanamke kuchuma kahawa anaweza, lakini kuiendesha kutoka mtini hadi ghalani hawezi. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema hawataki pupa, wacha tuone mavuno ya msimu huu mzima. Mjane akileta kahawa ikapokelewa, kihamba kitabaki mikononi mwake mpaka Elisante akue. Ikishindikana, Zakayo akichukue. Shauri hilo kila mtu pale sokoni alilijua, hata Singasinga aliyekuwa akitengeneza magari ya watu.

Mchumo wa kwanza mwaka ule uliangukia mwezi wa saba, baridi kali na manyunyu yasiyokatika. Mama Elisante alikuja na gunia lake kichwani, amevaa gauni lake la kanisani. Zakayo alikuwapo, amesimama na rafiki zake, hana hata kikapu. Nikachoma bambo. Gidioni akapeleka punje puani, akazitupa, akalipindua gunia lote.

"Wewe mama, hii ni kahawa au umechota majivu?" alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Rudi ukapike ndizi. Hii ni takataka."

Zakayo akawageukia watu, akasema mmesikia wenyewe, si mimi niliyesema. Wachache wakacheka. Mama Elisante hakuokota punje hata moja. Alilikunja gunia lake tupu, akalikunja tena vizuri kama mtu anayekunja shuka, akaondoka nalo kwapani bila kuinua macho. Nimeona watu wakichapwa viboko bomani, na sijaona mtu aliyeumia namna ile. Gidioni akaita anayefuata. Mimi nikapiga magoti nikaizoa kahawa ile, na aliponiuliza nafanya nini, nikamjibu nafagia.

Baada ya kazi nikainusa. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu. Ulikuwa moshi, wala si wa shambani, ni moshi wa meko uliochanganyika na masizi ya darini. Mimi nimekulia chini ya harufu hiyo. Mbegu za mahindi za mwaka unaofuata huwekwa darini juu ya meko, moshi uzikinge na wadudu, na pale hapawekwi kitu cha hivihivi. Ndipo mahali pa heshima katika nyumba. Nikaelewa yaliyotokea, nikakaa juu ya magunia nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikaniishia na uchungu ukanijaa.

Jumapili baada ya ibada nilimpitia Ndelilio. Alichukua fimbo yake, akamwita na mke wake, tukaenda watatu, maana wanaume watupu kumwendea mjane ni kumwongezea msiba mwingine. Tulipanda polepole kwa ajili ya magoti yake, na njiani nikamweleza yote. Alisikiliza, na kila nilipotaja neno takataka alisimama kidogo.

Tulimkuta Mama Elisante kihambani ana panga. Alikuwa ameshakata mstari mzima wa kahawa na alikuwa anaanza mwingine. Hakutusalimia. Alisema kama kahawa yake ni takataka, basi Zakayo hatarithi hata hizo takataka. Ataigeuza yote kuni, kisha yeye na mwanawe warudi kwa baba yake. Mke wa Ndelilio akaushika mkono wake wenye panga, hakuuvuta, akaushika tu mpaka ukalegea. Ndelilio hakumwambia pole wala hakumwambia acha. Alitoa punje nilizozoa, akamfungua kiganja.

"Nusa wewe kwanza, mwanangu, kisha utuambie."

Mara ya kwanza alinusa kwa hasira. Akanusa tena, na uso wake ukabadilika.

"Moshi," akasema.

Ndelilio akamwuliza ilikaa wapi.

"Darini, pamoja na mbegu. Jua lilikuwa halitoki, na nje niliogopa wezi. Kitu cha maana si ndipo kinapowekwa, mzee? Hata mbegu alizoacha marehemu bado ziko pale."

  Ndelilio akamweleza kwamba aliipa kahawa mahali pazuri kuliko pote ndani ya nyumba yake, ni vile tu kahawa haizijui heshima zetu. Kahawa hunywa kila harufu inayokaa karibu nayo. Inataka upepo. Afunge kichanja cha matete nje, kifike kiunoni, aitandaze nyembamba, aigeuze mara kwa mara, na manyunyu yakija aifunike kwa majamvi. Baada ya hapo akazungukia miti iliyokatwa, akainama kwa shida, akavitazama visiki. Panga lilikuwa limepita usawa wa goti. Akacheka kidogo akasema vitachipua, tena kuna mabwana wanaolipwa kuja kutufundisha kukata kahawa iliyozeeka hivyohivyo. Mama Elisante akacheka na machozi yakamtoka. Nilimpenda mzee yule siku ile kama baba yangu mzazi, na sioni haya kuliandika.

Miti iliyobaki ilikuwa na matunda mabichi ya mchumo wa pili, kwa hiyo shauri lilikuwa bado halijafa. Kilichobaki kilikuwa Gidioni. Nilijua akiimwaga tena mbele za watu, hata kwa dosari ndogo, kihamba kimekwenda. Ningeweza kumshtaki makao makuu. Ningeweza kumsema pale ngazini mbele ya wakulima, na wangenishangilia mpaka jioni. Nikaona hiyo nayo ni kumwaga mtu kwenye vumbi. Nikangoja.

Bwana Shamba alipokuja tena alifanya yaleyale, na safari hii alikalia kiti cha Gidioni, akamwacha amesimama kama anayengoja kutumwa. Wakulima walitazama chini. Gari lilipoondoka nilikipangusa kile kiti, nikakirudisha mahali pake, nikasema watu wasikie, "Keti, Bwana Mkaguzi. Tunakungoja wewe." Akaketi. Siku hiyo hakumwaga kahawa ya mtu. Tulipofunga nikamwekea kiganjani zile punje za moshi.

"Moshi wa meko," alisema papo hapo. "Hii ni ya yule mjane. Niliijua siku ileile."

"Kama uliijua, mbona hukumwambia?"

Alizichezea punje kwa kidole muda mrefu. "Mimi hakuna aliyewahi kuniambia kitu, Sefania," alisema. "Nilikaripiwa mpaka nikajua."

Nikamwambia ninaamini, na kwamba nisingependa mtu mwingine ajue kwa njia hiyo. Nikamweleza habari za dari na mbegu, za kihamba na panga. Akavaa koti lake akaenda zake. Asubuhi yake nilimkuta amefika kabla yangu. Alikuwa anazitia mafuta bawaba za mlango wa nyuma, zimeshika kutu, amejichafua mikono. Sikumwuliza kama anatafuta hewa au anatafuta jambo jingine.

Nitawaachia neno hapa kabla sijamaliza, maana baadaye nitasahau. Wengi wenu mna vyeti, na navifurahia. Siku zinakuja ambapo hatakuwapo Bwana Shamba wa kutuita boi, na watu wanasema hapo ndipo heshima itakapokuja. Mimi natumaini hivyo kwa moyo wote. Ila nimemsikia mtu mweusi kama mimi akilitumia neno boi kwa mpishi wake, tena juzijuzi tu, hapo Arusha mjini, mtu mwenye tai nzuri. Mzungu akiondoka neno lake laweza kubaki, likatafuta mdomo mwingine wa kukaa. Msilipe nafasi pale ghalani.

Mchumo wa pili ulikuja na jua. Mama Elisante alileta gunia lake siku ya foleni ndefu. Nyuma yake alikuja mshili wa ukoo, yaani kiongozi wao, pamoja na wazee wengine, na nyuma yao Zakayo. Safari hii Zakayo alikuwa na gunia lake pia, kahawa ya shamba lake mwenyewe. Gidioni alitutaka tuingize kazi ndani, mezani. Nikachoma bambo. 

"Nyoosha kiganja, Mama Elisante," alisema. "Unuse wewe kwanza, kisha uniambie."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwita mkulima kwa jina la mwanawe. Mama Elisante alinusa amefumba macho. Alisema haina moshi. Akanusa tena, akazitazama punje dirishani, kisha akazitenga chache kwa kidole akasema hizi naona zilikaa majini mno. Gidioni akamwambia hata yeye anaziona hivyo, itakuwa daraja la pili, na imepokelewa. Angalieni hapo, vijana: daraja la pili. Hatukumpendelea na hakuomba apendelewe.

Mshili akasogea. Hakumwuliza Gidioni, alimwuliza mwenye kahawa. Mama Elisante akamjibu kwamba imepokelewa daraja la pili, na mwakani ataleta ya kwanza. Mzee akasema basi shauri limekwisha, kihamba kiko mikononi mwake mpaka mtoto akue, na asisikie mtu akilifufua. Mimi nikageukia mizani nikajifanya naikagua, kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Zakayo. Mnawajua watu. Waliokuwa nje waliingia, waliokuwa wamekaa walisimama, na wale rafiki zake wa mwezi wa saba ndio waliosogea karibu kuliko wote. Bambo lilipotoka harufu ilinifikia kabla sijaziangalia punje. Gunia lilikuwa limefungwa bichi, kahawa imeota ukungu. Zakayo aliijua pia, jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Gidioni akamwekea punje kiganjani kama alivyomwekea shemeji yake, lakini watu wakikuzunguka vile, kiganja hakifichi kitu. Mmoja wao akaanza kucheka puani.

Mama Elisante alikuwa ameshafika mlango wa nyuma. Neno moja tu lingetosha, na Zakayo asingeinua uso pale sokoni mpaka anazeeka. Nilifikiri atalisema, na nilifikiri ana haki nalo. Akarudi ndani.

"Jamani, tutokeni nje," alisema. "Tumwache shemeji anuse."

Akatangulia yeye. Mshili akamfuata, na watu walipoona mshili ametoka, wakatoka. Tukabaki watatu. Zakayo akapeleka kiganja puani na kukiacha hapo muda mrefu, kisha akasema mwenyewe ni ukungu, alikuwa na haraka ya kufunga. Gidioni akamweleza taratibu ipi inaweza kuokolewa na ipi haiwezi. Nikamsaidia kulibeba gunia, tukatokea mlango wa nyuma.

Mama Elisante alikuwa palepale, anajitengenezea kata ya kichwani kwa lile gunia lake tupu. Zakayo akatua mzigo. Maneno aliyokuwa ameyazoea hayakumfaa tena.

"Shemeji," alisema, "hicho kichanja chako ulikifungaje?"

"Njoo kesho asubuhi, umande ukikauka," akamjibu. "Uje na matete. Tutafunga pamoja."